Mwaka wa Kisu cha Mupini Mweupe

Zaina alikufa mwezi uliopita, na nilienda kwenye matanga yake Kasongo nyuma ya pikipiki, mimi mutu wa miaka hii, nimekumbatia tumbo la kijana nisiyemujua na vumbi lote la njia ya Kabambare limeniingia puani. Wakanikalisha kwenye kiti cha plastiki. Wakanipa wali wa gunia, ule wa kutoka ng'ambo, mweupe sawa chaki na hauna harufu yoyote, na pembeni sombe ya majani ya muhogo iliyopikwa na mutu mwenye haraka. Nikala, maana matanga si pahali pa kuchagua chakula, lakini masikio yangu hayakuwa yanakula. "Mama Zaina hakugombana na mutu." "Mama Zaina alikuwa mupole toka utoto." Waliokuwa wanasema hivyo hata mama zao walikuwa hawajazaliwa wakati Zaina alipokuwa mutoto. Mujukuu wake mumoja, binti mwenye nywele za kununua, akaniinamia: "Bibi, wewe ulimujulia wapi bibi yetu?" Nikamwambia tulikata mupunga pamoja. Akasema, "Ah," akaenda kumupokea mugeni mwingine aliyekuja na mutuka, gari lake mwenyewe. Kwake kukata mupunga ni kazi tu, sawa kufua nguo au kuchota maji. Nilinyamaza. Sasa niko nyumbani na sinyamazi tena. Nitasema juu ya mwaka mumoja, wakati wazungu bado walikuwa wanatuhesabu kila asubuhi na kotoni, pamba yao, bado ilikuwa ya lazima, mwaka ambao mimi, mutu mwenye akili, nilienda kununua upumbavu kwa feza yangu mwenyewe.

Siku hizi watu wanakata mupunga kwa mundu. Wanaubeba na majani yake yote sawa chakula cha mbuzi, nusu ya mbegu inabaki chini kwa ndege, na kiisha wanauliza kwa nini kuko njaa. Sisi tulikata suke moja moja. Kisu kidogo kinakaa mukono wa kuume, kidole gumba kinasukuma shingo ya suke juu ya makali, tk, na suke linaingia mukono wa kushoto. Mukono wa kushoto ukijaa, unageuza kisu, unatumia mugongo wake kugonga miguu ya masuke mpaka yalingane, ta, ta, ta, ndipo unafunga fungu kwa kamba ya mugomba na kulitupa kitungani. Kugonga kule ndiko kulikuwa maneno yetu shambani. Wanawake walisimama mustari mumoja, na yule wa mbele tulimwita kichwa. Kichwa akigonga, wa nyuma wanajua waende mbio ao pole, wanajua nani amechoka, nani anapiga domo, nani ameacha kazi anatazama wapita njia. Mwanamuke aliyekuwa hagongi alikuwa sawa mutu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi.

Na kichwa alikuwa na kitu kingine. Mupunga wa Bulamatari, yaani wa serikali, uliletwa na monitere wa mashamba, mutu wao wa kufundisha kilimo, kwa magunia. Ulikuwa mufupi, unadondoka hata ukiutazama tu, na tuliulima kwa sababu ya kuogopa kifungo cha buloko. Lakini kila nyumba ilikuwa na kipande chake cha mupunga wetu, mwekundu, murefu, ukipikwa harufu yake inafika njia kubwa, na mbegu yake haikutoka kwa muzungu. Ilikaa katika kitunga kimoja tu, juu ya moshi wa jiko la kichwa. Wakati wa kupanda, mugini muzima, kijiji chote, ulikuja kwake na vibakuli. Sasa fikiri mwenyewe: mama mukwe gani atamufukuza mwanamuke ambaye mbegu ya mugini inalala juu ya moto wake? Bwana gani atamwambia rudi kwenu? Mimi sikuwa na mama, nilikuwa nimeposwa kwa watu ambao walinitazama sawa wanatazama mbuzi aliyekonda, na nilikitaka kitunga kile kuliko nilivyotaka mbingu ya mapadri. Shangazi Mwamini, aliyekuwa kichwa wakati ule na ndiye aliyenilea, alikuwa ameanza kushindwa na magoti. Alisema mbele ya wote kwamba siku ya kwanza ya kukata shamba la mupunga mwekundu atakaa chini, na mbele watasimama wawili, mimi na Zaina, na jioni atajua nani achukue kitunga.

Zaina alikuwa binti wa jirani, mufupi, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, mukimya kwa namna ya kuudhi. Alikata vizuri. Mimi nilikata mbio zaidi, na hilo kila mutu alilijua, na mimi nililijua kuwapita wote. Kisu chake kilikuwa cha mufua chuma wetu, kipande cha jembe kilichofungwa ngozi. Changu kilikuwa hivyo hivyo, cha marehemu mama, kimeliwa na jiwe la kunolea mpaka kikabaki sawa ukucha. Kilikata sawasawa. Niliona haya tu. Nilisema moyoni, mutu anayesimama mbele ya wanawake wote hawezi kusimama na kipande cha jembe. Basi nikasuka mikeka tangu mwisho wa kupanda, nikasuka mpaka vidole vikawa na sugu, na Shangazi aliposhuka Kasongo kuuzisha mawese, nikaenda naye kwa miguu na mikeka yangu kichwani.

Tulifikia kwa Mama Sakina, rafiki yake wa zamani, mwanamuke wa mujini aliyeolewa na fundi cherehani. Chumba alichotupa nakikumbuka kuliko chumba nilichozalia watoto wangu. Kuta zilipakwa chokaa, ukizigusa unakuwa mweupe. Kitanda kilikuwa cha chuma chenye vichwa vinne vya shaba, na Mama Sakina alivisugua kila siku kwa majivu na ndimu, lakini juu yake hapakulala mutu, wao wenyewe walilala chini kwenye mukeka. Kabati lilikuwa na sahani za maua ambazo hazikujua chakula. Tulikula kwenye sahani za bati: wali na maharagi na samaki mukavu wa muto Lualaba, tukiwa tumekaa tunazitazama zile za maua. Leo nacheka. Wakati ule niliona kwamba hivi ndivyo watu walioendelea wanavyokaa, na macho yangu yalikunywa shaba ile mpaka yakalewa.

Baada ya kula nilijilaza, na wao wakabaki uani wanachambua muchele. Ukuta ulikuwa mwembamba. Mama Sakina akasema, "Huyu mutoto wako ana mikono. Nimeona mikeka yake."

"Mikono iko," Shangazi akajibu. "Macho njo yanamusumbua."

"Haoni?"

"Anaona sana. Anapenda kuonwa. Ukimusifu atakata shamba muzima peke yake. Usipomusifu atanuna mpaka kesho."

"Na yule mwingine?"

"Zaina? Yule hata ukimusifu hasikii. Sawa punda wa mapadri."

Wakacheka. Nilisikia "punda" nikafurahi, nikalala usingizi muzuri. Neno lile la macho nililitupa. Mutu mupumbavu anasikiliza sawa anavyokula samaki: anachukua nyama, anaacha miiba, anasema samaki huyu hana miiba.

Kesho yake, Shangazi akiwa sokoni na mafuta yake, nikaenda kwenye magazini, duka la Mugiriki. Mugiriki mwenyewe alikaa ndani kwenye kivuli, anajipepea, na watu weusi tulihudumiwa kwenye dirisha na kapita, musimamizi wake. Kapita huyu alikuwa mutu wa suruali fupi iliyopigwa pasi, na kalamu mbili mufukoni ijapokuwa mukono wa kuandika ni mumoja. Nikamwambia nataka kisu cha kukunja. Akanitazama toka miguu mpaka kichwa, na miguu yangu ilikuwa na matope.

"Visu vya sokoni viko sokoni, dada."

"Nimesema cha kukunja. Vile vya ndani ya kioo."

"Unavijulia wapi?"

"Nina macho."

Akaenda kumunong'oneza Mugiriki, Mugiriki akatoa ufunguo shingoni bila kusimama. Kapita akaleta viwili juu ya kitambaa chekundu, akaviweka dirishani sawa anaweka watoto wa mufalme. Vilikuwa vya Ulaya vyote viwili, na bei yao ilikuwa karibu moja, bei ya kumutoa mutu jasho. Cha kwanza kilikuwa na mupini mweusi wa pembe, munene, hauna pambo, unanuka mafuta ya mashini. Ulimi wake ulikuwa mupana, wa rangi ya mawingu, na shingoni kilivaa pete ya chuma. Cha pili, ee mama. Mupini wake ulikuwa mweupe wa kombe la baharini, ukiugeuza unatoa rangi ya waridi na kijani, sawa tumbo la samaki anayetoka majini. Pembeni shaba. Ulimi mwembamba, unang'aa mpaka niliona jino langu ndani yake.

Kapita akashika kile cheusi. "Hiki ni cha kazi. Unaona hii pete? Unakifungua, unazungusha pete, kinashikwa shingo. Hakirudi."

"Kinarudi wapi?"

"Kinarudi kujikunja. Hiki kingine hakina pete. Ni cha mezani. Madamu wanamenyea matunda."

Nikamutazama nikamudharau. Nilisema moyoni: huyu ana cheusi ambacho hakuna mutu anakitaka, kimekaa mpaka kimeoza, sasa amepata mushamba wa kumutwisha. Na neno lake la kisu kurudi sikulielewa hata kidogo, na wala sikuwa peke yangu mupumbavu katika hilo. Kisu cha kwetu hakina kiungo. Ni chuma toka mwanzo mpaka mwisho. Kupima kisu tulikujua sana: nikakipiga kile cheupe na ukucha nisikie kinavyolia, kikalia sawa kengele ya misa. Nikagusa makali kwa ulimi wangu. Nikanyoa malaika ya mukono wangu, yakaanguka yote. Nikapima uzito kwenye kidole kimoja. Yote ambayo mama zetu walitufundisha kupima, nilipima, na kile cheupe kilishinda katika yote. Kiungo sikukipima, maana nani alinifundisha kwamba kisu kina goti?

"Mezani, shambani, makali ni makali," nikamwambia.

"Ni mukono wako," kapita akasema, na tayari alikuwa anatazama mutu mwingine nyuma yangu.

"Ni mukono wangu. Na cheusi hicho mukipeleke kwa mama yako akamenyee muhogo."

Watu wa dirishani wakacheka, nikaondoka na kisu changu kifuani, ndani ya kikwembe nilichojifunga, najisikia murefu. Mara nyingi nimefikiri juu ya kicheko kile. Nilidhani wanamucheka kapita.

Na musinifanyie mithali hapa, kwamba kisu ni bwana arusi, kwamba kizuri kinachoma na kibaya kinafaa. Watu wa Kasongo wanapenda mithali kwa sababu hawana shamba. Bwana niliyeolewa naye alikuwa na sura mbaya na mikono mibaya vilevile. Mimi ninasema kisu.

Mugini ulikitazama kisu kile sawa ulivyomutazama Munsenyeri, askofu wetu, alipopita. Wazee wakakishika, wakakifungua, wakakifunga, klk, klk, wakashangaa. Monitere wa mashamba, mwanamume aliyevaa kofia ngumu hata akiwa chini ya paa, alisema kwa Kifaransa kwamba ni kitu cha bei, na mimi, niliyesoma miezi miwili tu kwa masuri, watawa wa misioni, mpaka wakanirudisha kwa kuwapiga watoto wengine, niliitika sawa nimeelewa. Wanawake walikuja mulangoni kuazima chumvi na macho yao yalikuwa kiunoni mwangu. Shangazi Mwamini alikilamba makali, akakipiga ukucha, akanyoa malaika yake, sawa nilivyofanya mimi, na yeye pia hakutazama goti. Alisema tu, "Makali yako. Rangi yake itakuchosha macho juani." Nilidhani uzee unamusumbua.

Zaina alikuja wa mwisho, akiwa na ndoo kichwani. Nikakifungua mbele yake pole pole.

"Kizuri," akasema.

"Shika."

"Mikono yangu iko na maji."

"Unaogopa."

"Ninaogopa nini? Kisu yako haijafanya kazi bado. Ikisha kufanya kazi utanipa nishike." Akaenda zake na maji yake. Wanawake wawili wakaguna.

Asubuhi ya kukata, umande ulikuwa bado muzito, mupunga mwekundu umeinamisha kichwa. Shangazi akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, magoti yake yamepakwa mafuta. Mimi nikasimama kuume mbele, Zaina kushoto mbele, na wengine nyuma yetu. Masuke ya siku hiyo ndiyo yanayoingia kitunga cha mbegu, kwa hiyo yanatakiwa yawe makavu na safi. Damu haitakiwi kabisa. Damu inaita sisimizi na kuvu, na kuvu haikai pahali pamoja, inatembea kitungani fungu kwa fungu mpaka mbegu yote inakufa. Hata mutoto wa kunyonya kwetu alijua hilo.

Nilikata. Sitasema uongo ili nionekane munyenyekevu: nilikata sawa mvua. Makali yale yalipita kwenye shingo za masuke kana kwamba hayakuwa na shingo. Fungu la kwanza likajaa wakati Zaina yuko katikati ya lake. Nikageuza kisu, jua likapiga mupini, nikasikia mwanamuke nyuma anasema "angalia", na nikagonga. Ta. Nikagonga tena kwa nguvu, niwasikilizishe wote mpaka wa mwisho. Kisu kikakunja goti. Ulimi wote ukarudi nyumbani kwake, na katika nyumba ile mulikuwa na vidole vyangu vitatu.

Sikulia. Kwanza sikuelewa, nilidhani mutu amenipiga. Halafu nikaona mupunga mwekundu umekuwa mwekundu wa namna nyingine. Nikatazama nyuma, hakuna aliyeona, walikuwa wameinama. Zaina alikuwa ameinama. Nikakifungua kisu kwa meno, nikapasua upindo wa kikwembe nikafunga vidole, nikachukua fungu lile lenye damu nikaligeuza, upande wa damu ndani, nikalisukuma chini kabisa kitungani. Nikachukua kamba ya mugomba nikakizungusha kisu changu cha Ulaya shingo mara nyingi, nikakaza, mpaka lile kombe na ile shaba havikuonekana tena, kikawa sawa kidonda kilichofungwa. Yaani nilikitengenezea pete. Pete ambayo kapita alinionyesha bure. Nikaendelea kukata.

Lakini sikugonga tena. Niliogopa, na vidole havikushika sawasawa. Nilisawazisha masuke kwa tumbo langu, nikafunga, nikatupa. Damu ilikuwa inapita kitambaa, na kila fungu lililopata doa niligeuza upande, nikaweka chini, na juu nikapanga yale mazuri, vichwa vyao vyote vimetazama pamoja, sawa sahani za Mama Sakina. Nyuma yangu mustari ulikuwa unasikia kugonga kwa Zaina tu. Shangazi akaita kutoka kwenye kinu:

"Mwavita, kichwa chako kimelala?"

"Ninakata, shangazi. Ninaenda mbio."

"Mbio ya kimya?"

"Kisu hiki hakina sauti."

Sasa ninajua kwamba alijua. Aliniacha muchana muzima na mulango wazi, ili nipite nikitaka. Ningeenda kwake wakati wa kunywa maji. Ningeenda wakati wa muhogo wa kuchoma, ambapo nilikula kwa mukono wa kushoto nikasema wa kuume una matope. Sikuenda. Nilikuwa nimemupita Zaina kwa mafungu mengi na nilidhani hiyo ndiyo habari.

Jioni wakatandika mukeka. Zaina akaweka kitunga chake, kibaya kutazama, mafungu yameangukiana. Mimi nikaweka changu, na wanawake wakasema kwa kweli kinapendeza. Shangazi akasimama kwa shida, akaja.

"Leta mukono."

"Iko muzuri, shangazi."

"Sikuuliza kama iko muzuri. Leta."

Akafungua kitambaa. Mwanamuke mumoja akafumba macho. Shangazi akatazama vidole, akavikunja, akavikunjua, akaona mifupa iko salama. "Tangu saa gani?"

"Asubuhi."

"Fungu la kwanza?"

"La kwanza."

Akainama akapindua kitunga changu. Yale mazuri ya juu yakaenda chini kwenye mukeka, na yale ya chini yakatoka juu, meusi ya damu iliyokauka, na sisimizi walikuwa wamekwisha kufika.

"Kidole kinapona," akasema. Hakupaza sauti, na mimi ningependa angepaza. "Hakuna mwanamuke hapa hajajikata. Kama ungekuja asubuhi, ningekufunga, ningekupa kisu changu, ungerudi mbele. Na ungeshinda, maana Zaina hakuwezi. Lakini umelaza damu katikati ya mbegu na umepanga mazuri juu yake. Mwaka kesho tungefungua, tukute kuvu. Watoto wa mugini huu wangekula nini, Mwavita? Mupini?"

Hakuna aliyecheka. Akachukua kitunga cha zamani, kile cheusi cha moshi, akamupa Zaina. Zaina akakipokea sawa anapokea ndoo. Hata hakutabasamu, punda yule. Mama wa bwana aliyeniposa alikuwa pale pembeni, na nilimuona anahesabu upya thamani yangu.

Kisu nilimuuzishia monitere. Alikitumia kusafisha kucha na kumenya paipai, na katika kazi hiyo kisu kile kilikuwa kizuri sana, kilikuwa kimepata bwana wake. Nikarudi kwa kipande cha jembe cha mama.

Kesho yake mupunga ulikuwa bado umesimama, na mutu hasimamishi shamba kwa sababu ya haya yake. Zaina akasimama mbele peke yake, na mimi nikawekwa wa pili, nyuma ya mugongo wake, vidole vimefungwa majani ya dawa. Kukata niliweza. Kugonga sikuweza. Fungu langu la kwanza likajaa, nikalisawazisha kwa tumbo, kimya, na nikasikia mustari muzima nyuma yangu unakisikia kimya kile. Ndipo Zaina akagonga lake, ta, ta, ta, akapumzika kidogo, halafu akagonga tena, ta, ta, ta, na mukononi mwake hamukuwa fungu la pili. Alikuwa anagonga langu. Hakugeuka. Alifanya hivyo kila mara fungu langu lilipojaa, siku ile nzima na siku iliyofuata, mara moja kwa ajili yake na mara moja kwa ajili yangu, ili wa nyuma wasisikie pengo. Kama angenicheka, ningemupiga na tungekwisha. Kwa hili nilimuchukia kabisa, kwa moyo wote, sawa mutu anavyomuchukia aliyemukuta uchi akamutupia nguo.

Siku ya tatu nikafungua majani kwa meno. Fungu likajaa, nikageuza kipande cha jembe nikagonga mwenyewe, ta, ta, ta. Kidonda kikafunguka. Zaina mbele yangu akainua kisu chake kugonga la pili, akasikia, akakishusha. Fungu lile lilikuwa na damu. Sikulitia kitungani. Nikaliinua juu ya kichwa, wote walione, nikalitupa njiani kwa kuku, nikaanza lingine.